Kutoka Masama hadi fungu la Maziwe: Safari ya tanga ya siku moja na sheria zake

MANAHODHA wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo hutajwa sana katika mikutano ya siasa na ya vyama vya ushirika, mahali ambapo hakuna chombo wala maji. Lakini ilizaliwa baharini, na ni baharini inakobeba uzito wake kamili: watu wanaopendana wanaweza kuzama pamoja kwa sababu tu kila mmoja alijiona ana haki ya kuamua.

Methali hiyo inalihusu moja kwa moja kundi lolote la marafiki wa bara linalopanga kwenda pwani na kukodi chombo cha tanga kwa siku moja. Inaweza kuwa ni wafanyakazi wa ofisi moja, waliosoma pamoja, wanakwaya, au wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Fedha huchangwa, gari hukodiwa, chakula hupikwa. Jambo ambalo huachwa hadi dakika ya mwisho ni bahari yenyewe.

Chukulia kundi la marafiki wanane kutoka Masama, katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro. Ni watu waliokulia kwenye migomba na kahawa, chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika. Baadhi yao hawajawahi kukanyaga maji ya chumvi. Je, wanahitaji kujua nini ili waondoke asubuhi wakiwa wanane na jioni warudi wakiwa wanane?

Maji ya Masama hufika baharini

Kwa barabara, Masama iko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini. Hata hivyo, wenyeji wa huko wana uhusiano wa zamani na pwani ya Tanga kuliko wengi wanavyodhani.

Mto Kikafu, ambao kila msafiri wa barabara ya Moshi na Arusha huvuka daraja lake, hushuka kutoka Kilimanjaro na kupita katika ardhi ya Hai. Maji yake huungana na mengine kutoka mlimani na kutoka Meru katika Mto Kikuletwa. Chemchemi maarufu za Chemka, zilizo upande wa Rundugai, nazo huingia huko. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huanza safari ya zaidi ya kilomita 400 hadi Bahari ya Hindi.

Mahali mto huo unapoishia ni mji wa Pangani, mkoani Tanga. Ndiyo kusema kwamba maji yanayobaki baada ya mashamba na mitambo ya umeme kuchukua sehemu yake hufika Pangani bila kulipa nauli.

Watu nao waliifuata njia hiyo. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani, ilifika Moshi mwaka 1911, na kwa miaka mingi kahawa ya mlimani ilishuka kwa njia hiyo kuelekea bandarini. Leo marafiki wetu wanane watapita kwa gari Same, Mombo, Korogwe na Muheza. Ni mwendo wa siku nzima au karibu nayo, na hilo ndilo somo la kwanza: anayetaka kutweka tanga asubuhi afike Pangani jana yake, alale, aamke akiwa na akili timamu.

Kisiwa kinachofunikwa

Kusini-mashariki ya mji wa Pangani, umbali wa takriban kilomita 10 hivi kutoka pwani, liko fungu la mchanga linaloitwa Maziwe. Limezungukwa na matumbawe, na limehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1975. Kwa kundi linalotaka safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ni mahali panapofaa mno: mchanga mweupe, maji safi, samaki wa kila rangi.

Lakini Maziwe si kisiwa cha kawaida. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga mayai yao humo kwa wingi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha na ardhi imeliwa na bahari. Kilichobaki ni fungu tupu la mchanga, ambalo wakati wa maji makubwa hufunikwa lote. Kasa anayetaga juu yake leo, mayai yake yasipohamishiwa ufukweni hufa kwa kufunikwa na maji.

Kwa maneno mengine, marafiki wa Masama wanakwenda kupumzika mahali ambapo saa chache baadaye patakuwa bahari. Kosa la saa mbili mjini ni kuchelewa kazini. Kosa la saa mbili Maziwe ni jambo jingine kabisa.

Mshahara na mwezi

Mjini, safari hupangwa kwa tarehe ya mshahara. Baharini, safari hupangwa kwa mwezi wa mbinguni.

Katika pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika kadhaa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Hivyo maji yaliyopwa leo saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tano.

Nguvu ya mwendo huo nayo hubadilika. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati huo huweza kupita mita tatu, yaani kimo cha chumba. Siku za katikati, mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua sana.

Jambo ambalo wenyeji wa pwani wanalijua tangu utoto, na ambalo mgeni hana budi kuambiwa, ni kwamba saa za bamvua hazibadilikibadiliki ovyo. Katika sehemu hii ya pwani, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kati ya asubuhi na kupwa alasiri.

Maana yake kwa marafiki wanane ni rahisi. Wakichagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, maji yatakuwa yakitoka wakati wanapoondoka, mchanga utakuwa mpana wanapofika, na maji yatakuwa yakiingia wanaporudi. Bahari itawasukuma kwenda na kuwasukuma kurudi. Wakichagua Jumamosi ya maji mafu, na wakasubiri mchanga uonekane vizuri, watarudi jioni au gizani. Jumamosi hizo mbili zinaweza kuachana kwa wiki moja tu.

Kuna jambo jingine la hesabu. Maji hayapandi kwa mwendo ulio sawa. Katika saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kidogo, kiasi cha kumfanya mgeni adhani hakuna haraka. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye nguvu: karibu nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Kama maji yamepwa saa nne asubuhi, basi kati ya saa sita na saa nane mchana ndipo fungu linapomezwa kwa kasi. Aliye makini huwa ameshapanda chomboni kabla ya saa sita.

Upepo hauombwi ruhusa

Baada ya mwezi, jambo la pili ni upepo. Mabaharia wa pwani hii wameishi kwa pepo mbili kubwa kwa karne nyingi, na ni pepo hizo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi na kuyarudisha kwao.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na huwa kali zaidi katikati ya mwaka. Kati ya misimu hiyo kuna vipindi vya mpito ambapo upepo hulegea na kubadilika.

Ndani ya siku moja nao upepo una ratiba yake. Alfajiri na mapema asubuhi kunakuwa na utulivu, au upepo mwepesi kutoka nchi kavu. Jua linapopanda na ardhi kupata joto, upepo wa baharini huanza kuvuma kuelekea pwani, na alasiri ndipo huwa na nguvu zaidi na bahari huchafuka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuondoka mapema na kurudi mapema.

Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Kikilazimika kuelekea huko, hupiga bisho, yaani hukata maji kwa mshazari upande mmoja, kisha hugeuka na kukata upande mwingine, kama barabara ya mlimani inavyopinda ili gari lipande. Umbali wa kilomita 10 huweza kuwa mara mbili ya hapo.

Kwa kuwa Maziwe iko kusini-mashariki ya Pangani, wakati wa kusi safari ya kwenda ndiyo ngumu na ya kurudi ni nyepesi, kwa kuwa upepo unasukuma kutoka nyuma. Wakati wa kaskazi upepo huja ubavuni, kwenda na kurudi. Hali mbaya kuliko zote katika safari yoyote ya siku moja ni ile ya kuteremka na upepo asubuhi, watu wakiimba na kupiga makofi, kisha kukutana nao usoni alasiri, watu wakiwa wamechoka na maji ya kunywa yamekwisha. Kabla ya kuondoka, swali la kumuuliza nahodha si tutafikaje, bali tutarudije.

Ngalawa, mashua na mzigo wa watu

Chombo kinachoonekana zaidi katika fukwe hizi ni ngalawa. Ni mtumbwi uliochongwa kutoka katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, ukatiwa matengo mawili, yaani mbao za pembeni zinazoelea na kuuzuia usipinduke. Juu yake husimama mlingoti, na kwenye mlingoti huning'inia foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga la pembetatu.

Ngalawa ni nyepesi, ina kasi, na haihitaji kina kirefu. Lakini ni nyembamba. Watu wanane pamoja na mabaharia ni wengi mno kwa ngalawa moja. Kundi la namna hiyo linahitaji ngalawa mbili zinazokwenda zikionana, au mashua, ambayo huundwa kwa mbao, ni pana, na mara nyingi huwa na mashine ya akiba.

Ni hapa ambapo urafiki huanza kuwa hatari. Ngalawa mbili ni gharama mara mbili. Mmoja atasema, "Tubanane tu, si ni ndugu?" Mwingine atamleta shemeji ambaye hakuwa kwenye orodha. Hakuna atakayetaka kuwa mtu mbaya wa kumwambia shemeji abaki ufukweni.

Historia ya karibuni ya Tanzania inaonyesha gharama ya ubinadamu wa namna hiyo. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka Septemba 20, 2018 katika Ziwa Victoria kikiwa karibu kutia gati Ukara, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kabla ya hapo kulikuwa na MV Bukoba, Mei 21, 1996, na MV Spice Islander I, Septemba 10, 2011, katika mkondo wa kati ya Unguja na Pemba. Vyombo hivyo vilikuwa vikubwa, lakini sheria ya maji ni moja: uzito ukizidi, chombo hukaa chini zaidi majini, na wimbi dogo lililokuwa halina madhara huanza kuingia ndani.

Nahodha ni mmoja

Chomboni kila mtu ana kazi yake, na kundi la marafiki linaweza kushiriki kwa furaha kama likikubali mpango.

Nahodha hushika usukani na ndiye mwenye neno la mwisho. Mwenzake hushika demani, kamba inayolivuta na kulilegeza tanga. Hiyo ndiyo breki ya chombo. Dhoruba ya ghafla ikija, demani hulegezwa, tanga humwaga upepo, na chombo hunyooka. Kwa sababu hiyo demani hushikwa kwa mkono au hufungwa kwa namna ya kufunguka mara moja. Ikifungwa fundo gumu, upepo unaokuja ghafla hauna pa kutokea isipokuwa kukilaza chombo.

Mtu mmoja hukaa mbele kuangalia miamba, nyavu na maboya ya wavuvi. Mwingine hukumba maji yanayoingia, kwa kuwa chombo cha mbao hakikosi kuvuja kidogo. Waliobaki nao si abiria wa bure: wao ni farumi, uzito unaokitengemaza chombo. Wakiambiwa wahamie upande unaotoka upepo, wahame wakiwa wameinama, mmoja baada ya mwingine. Wakiambiwa wakae, wakae.

Adui mpya wa utaratibu huo ni simu ya mkononi. Pomboo wanapoonekana ubavuni, watu wanane husimama kwa pamoja na kukimbilia upande mmoja kupiga picha. Chombo kilichokuwa salama dakika moja iliyopita huanza kulala.

Kwa watu wa mlimani kuna ugumu mwingine, nao ni wa adabu. Mzee wa miaka 60, aliyezoea kusikilizwa ukoo mzima unapokutana, anaweza kuona uzito kuamrishwa na kijana wa Kipangani wa miaka 25. Lakini juu ya maji umri hauhesabiwi hivyo. Anayeyajua maji hayo ndiye mkubwa, na kumwita Nahodha, kwa heshima yote, hakumpunguzii mzee heshima yake. Neno gumu zaidi ambalo nahodha anaweza kulitamka ni "leo hatuendi", na akishalitamka, michango iliyokusanywa na mbuzi aliyekwisha kuchomwa si hoja ya kumpinga.

Kabla ya kung'oa nanga

Yapo mambo ambayo kundi halipaswi kumwachia nahodha peke yake. La kwanza ni chombo chenyewe. Kwa upande wa Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Si utovu wa adabu kuuliza kama chombo kimesajiliwa na kukaguliwa, na kinaruhusiwa kubeba watu wangapi. Mwenye chombo makini hujibu bila kukunja uso.

La pili ni jaketi okozi, moja kwa kila mtu, likiwa limevaliwa na kufungwa. Jaketi lililohifadhiwa chini ya mzigo ni sawa na mwavuli ulioachwa nyumbani. Anayejua kuogelea avae, kwa kuwa anayegongwa na foromali kichwani hawezi kuogelea. Aliyejifunza kuogelea Chemka, kwenye maji matulivu, akumbuke kwamba bahari ina mawimbi na mkondo.

La tatu ni taarifa za hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Mapema Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, tahadhari zilitolewa kabla, na safari za baharini kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Linganisha na Julai 18, 2012, msimu wa kusi, ambapo MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Tahadhari ya upepo huwahusu wenye ngalawa zaidi kuliko wenye meli.

La nne ni orodha. Majina ya wote, mahali wanapokwenda na saa ya kurudi viachwe kwa mtu aliye nchi kavu, anayejua ampigie nani simu saa hiyo ikipita. Simu moja au mbili zifungwe vizuri ndani ya mfuko usiopitisha maji.

La tano ni vinywaji. Bia, mbege na konyagi vina siku zake, na siku ya tanga si mojawapo. Yanayotakiwa ni maji ya kunywa ya kutosha, lita mbili au tatu kwa kila mtu, kofia na nguo ya mikono mirefu. Mtu wa Masama aliyezoea ukungu wa mlimani hushangaa jua la baharini linavyochoma mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Kwa anayeogopa kichefuchefu, kifungua kinywa kiwe chepesi, akae katikati au nyuma, na macho ayaelekeze mbali, mahali bahari inapokutana na mbingu.

Siku yenyewe

Iwapo yote yamekaa sawa, siku ya bamvua huenda hivi. Saa mbili asubuhi chombo kinatoka katika mdomo wa mto, maji yakiwa yanapwa. Hapo huhitajika uangalifu: maji ya mto yanapotoka kwa nguvu na kukutana na upepo wa baharini, huzuka mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Asubuhi, upepo ukiwa bado mwepesi, mahali hapo hupitika kwa urahisi zaidi.

Baada ya hapo tanga hutwekwa. Sauti ya mashine hukoma, na kinachosikika ni maji ubavuni na kamba zinazolia. Rangi ya maji hubadilika kutoka kahawia ya mto hadi kijani, kisha buluu. Upepo ukiwa mzuri, saa moja na nusu au mbili zinatosha kufika Maziwe.

Huko nanga hutiwa kwenye mchanga, si juu ya matumbawe, ambayo huvunjika kwa dakika moja na kuchukua miaka mingi kukua tena. Kamba yake huachwa ndefu, kwa kuwa maji yatapanda. Baharia mmoja hubaki chomboni. Ushuru wa hifadhi hulipwa, na hakuna anayeondoka na kombe wala jiwe. Saa moja na nusu ya kuogelea, kula na kupiga picha, kisha nahodha anaita. Anapoita, watu huhesabiwa, na nanga hung'olewa kabla ya saa sita. Saa nane mchana mji wa Pangani huwa mbele yao.

Mambo yakiharibika

Bahari haishi zinge, nayo ni methali ya kweli. Chombo kikipinduka, kanuni ni moja na haina mjadala: usikiache. Mbao huelea, na ngalawa iliyojaa maji bado inaelea. Watu wakiishikilia pamoja, wataonekana kwa urahisi kuliko kichwa kimoja kinachopotea kati ya mawimbi. Wahesabiane mara moja, wakae karibu, wasubiri.

Anayeona nchi kavu na kudhani ataifikia kwa kuogelea hudanganywa na macho. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na nje ya miamba mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, ukimchukua mwogeleaji kando wakati yeye akidhani anakwenda mbele.

Mlima na bahari

Utii wa aina hii si mgeni kwa watu wa Masama. Majirani zao wa Machame wanaishi penye njia inayopandwa na maelfu ya wageni kuelekea kilele cha Kilimanjaro, na wanajua kwamba hakuna anayepanda bila kiongozi, wala hakuna anayebishana naye anaposema hapa tunageuka. Wao wenyewe wamerithi mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na mababu kupeleka maji mashambani, ambamo kila mtu hupewa zamu yake na anayefungua maji nje ya zamu hulipishwa faini. Mtu aliyelelewa kwa utaratibu huo anajua tayari kwamba maji hayatumiki bila sheria. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba zamu za baharini hugawiwa na mwezi.

Hivyo basi, kundi linalopanga safari yake ya pwani lianze na kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya mshahara, limtafute nahodha kabla ya mbuzi, na likubaliane wakiwa bado nyumbani kwamba neno lake ndilo la mwisho. Na shemeji ambaye hakuwa kwenye orodha apewe nafasi safari ijayo.